Kangomba ya Maneno

Miaka minne nimeuza maneno yangu kangomba,
kwa bakuli, kabla ya msimu,
kama mtu wa Kitangari mwenye mgonjwa ndani
anavyouza korosho ingali ua.
Niliyaandika kwenye ukumbi wa watu. Bure, walisema.
Na mimi, karani wa mizani, niliyezoea kuuliza
gunia tupu lina uzito gani,
sikuuliza.

Kisha asubuhi moja mlango haukunijua.
Nywila ile ile, kidole kile kile.
Kurasa mia mbili na sita zimebaki ndani,
pamoja na ile niliyoiandika usiku wa kumwosha mama.

Basi nikanunua kompyuta ya chama cha msingi,
iliyostaafu kabla yangu. Elfu sitini.
Feni imejaa vumbi la salfa la misimu tisa,
na kibodi haina ile herufi ya kupumulia,
ile inayoanza habari na hodi.

Dadi, mtoto wa mdogo wangu, yuko Mtwara mjini,
Chikongola, anatengeneza simu.
Akanitumia sauti, kumi na saba kwa mpigo:
Mamkubwa, usiogope skrini nyeusi.
Mamkubwa, hiyo sasa ni seva, haizimwi.
Mamkubwa, umesahau nukta.

Nukta! Usiku mzima nimeisaka
kwa miwani na tochi, mstari kwa mstari,
mashine ikinijibu neno lile lile la kukataa,
bila hasira, kama mlinzi wa ghala
aliyeambiwa asimfungulie mtu.
Saa tisa nikaiona: nimeweka mkato mahali pake.
Nikacheka peke yangu. Mwaka ule wa mnada wa Mnyambe
mkato kama huo ulitugombanisha wiki mbili.

Tena umeme ukakatika, hifadhidata iko nusu.
Nikaanza upya. Tena LUKU ikaisha.
Nikaanza upya, sasa bila kumsikiliza Dadi;
vidole vinajua, kama vinavyojua fundo la gunia.

Jirani, mama Nankoma, akachungulia dirishani:
Unahangaika nini, na kumbi za watu ziko tele?
Nikamwonyesha tangi lake mwenyewe,
la saruji, linalokinga bati lake.
Huku juu hatuna mto. Nani wa Newala
anayelala akitegemea dumu la jirani?
Akasema: Tangi huingia vyura.

Kweli. Mwenye tangi ndiye mwenye vyura.
Jumapili nawatoa: nafuta matangazo
ya dawa za nguvu yaliyojipenyeza usiku,
nanakili kila kitu kwenye flashi mbili,
moja ndani ya kopo la chumvi,
moja ndani ya soksi, nampa kondakta wa basi
ampelekee mama yake Dadi, Nachingwea.
Nyumba ikiungua, maneno yako kwa shemeji.

Ijumaa ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma
ukakaa juu ya bati,
na feni chini ya meza ikaunguruma
kama paka aliyeshiba.
Nikaandika ukurasa wa kwanza.
Ile herufi sikuwa nayo, nikaandika
kama bibi alivyokuwa akisema:
Odi. Abari za uko. Apa ni kwangu.

Chini, kwa tarakimu ndogo: mgeni mmoja.
Nilijua ni mimi.
Nikabandika chai, nikarudi.
Wawili.
Labda ni Dadi. Labda ni mimi tena, kwa simu.
Sikuuliza.
Nilisogeza kiti cha pili.